Karo ya Kihispania, Kamusi ya Kikaqchikel

Mji wa Antigua, Guatemala, uko chini ya milima mitatu ya volkano, na mmoja wao, Fuego, hutoa moshi karibu kila siku. Nyumba zake ni za kikoloni, za ghorofa moja, na katikati ya kila nyumba kuna ua wenye maua. Katika nyingi ya nyua hizo utakuta meza ndogo ndogo zimepangwa mbalimbali. Kila meza ina watu wawili: mgeni kutoka Marekani au Ulaya, na mwalimu wake. Mgeni anahangaika na vitenzi, mwalimu anamsahihisha. Mchana ukifika anarudi kula kwa familia iliyompangisha chumba, na huko nako anaendelea kubabaika kwa Kihispania mpaka usiku. Aliyewahi kuona wageni wakifundishwa Kiswahili Unguja anaujua utaratibu huu.

Shule za namna hii ziko nyingi Antigua. Moja kati yake, Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, yaani Mradi wa Lugha wa Francisco Marroquín, ina habari isiyofanana na za wenzake, na ndiyo ninayotaka kuifungua hapa. Karo ya wale wageni waliokuja kujifunza Kihispania ilitumika kulipa Wamaya wasomee isimu, wakusanye maneno ya mama zao, na wachapishe kamusi na sarufi za lugha ambazo shule za serikali zilikuwa zikiwachapa watoto kwa kuzisema. Kihispania, lugha iliyokuja na upanga mwaka 1524, kiligharimia Kikaqchikel, Kik'iche' na Kimam. Ukilisikia mara ya kwanza unadhani kuna jambo halijakaa sawa. Lakini tuangalie lilivyofanyika.

Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, mbali na Kigarifuna cha pwani ya Karibi na Kixinka cha kusini-mashariki. Hizi si lahaja za Kihispania, wala si lahaja za lugha moja. Ni lugha kamili, zenye undugu kama ulivyo undugu wa Kiswahili, Kigikuyu na Kihaya: mizizi inafanana, lakini msemaji wa moja hawezi kukaa akafuatilia mazungumzo ya nyingine. Kik'iche' kina wasemaji zaidi ya milioni moja. Kikaqchikel, lugha ya vijiji vinavyoizunguka Antigua yenyewe, kina zaidi ya laki nne. Katika sensa ya 2018, watu 4 kati ya kila 10 nchini walijitambulisha kuwa Wamaya. Tunapozungumzia lugha hizi, basi, tunazungumzia lugha za soko, za shamba na za msibani, ambazo kwa karne nne na nusu ziliandikwa zaidi na watu wengine kuliko na wenyewe.

Mradi ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kushika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulipewa jina la Francisco Marroquín, askofu wa kwanza wa Guatemala, aliyejifunza lugha za wenyeji karne ya 16. Kati ya walioujenga alikuwamo kijana Mmarekani aliyetoka jeshini Vietnam, Robert Gersony. Wasomaji wa Maziwa Makuu wanalifahamu jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye aliyetumwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 kuwahoji wakimbizi wa Rwanda, na ripoti yake ikafungiwa kabatini. Uzoefu wake wa kukaa chini na kumsikiliza mtu wa kawaida mpaka amalize ulianzia kwenye nyua za Antigua.

Tatizo la waanzilishi lilikuwa wazi. Kazi ya isimu haiuzi. Kamusi moja huchukua miaka kumi na zaidi, na wanunuzi wake wengi hawana fedha. Wafadhili huja na kuondoka, na wakija huleta masharti. Lakini Antigua ilikuwa na kitu ambacho wageni wako tayari kukilipia: Kihispania kinachosemwa polepole na kwa ufasaha, katika mji mzuri, kwa bei ndogo. Wakaanzisha shule, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, malipo kwa wiki. Fedha ikapita kwenye mikono ya walimu na familia wenyeji, na iliyobaki ikavuka ua kwenda chumba cha pili, walikoketi vijana wa Kimaya na mashine zao za taipu.

Chumba hicho cha pili ndicho kiini cha habari yote.

Mwanaisimu Terrence Kaufman, mmoja wa wataalamu wakubwa wa lugha za Kimaya, aliongoza mafunzo pale katika miaka ya 1970. Pamoja naye walifundisha wanaisimu vijana, akiwemo Nora England aliyekuwa akishughulikia Kimam. Wanafunzi walitoka vijijini. Wengi hawakuwa na shahada. Wengine walikuwa na elimu ya msingi na akili kali. Walifundishwa kuitambua sauti na kuipa alama yake, kuuchambua mzizi wa kitenzi, kuandika sentensi kama ilivyosemwa badala ya kama ingepaswa kusemwa. Kisha wakarudi kwao wakiwa na daftari, wakawauliza mama, mashangazi na wazee wa vijiji.

Kabla ya hapo, utaratibu uliozoeleka ulikuwa mwingine. Mtaalamu anatoka chuo kikuu cha mbali, anamtafuta "mtoa habari", anamlipa kidogo kwa saa, anachukua maneno, anarudi kwao na kuandika kitabu kwa Kiingereza ambacho mtoa habari hatakiona. Sisi nasi tumetendewa hivyo kwa muda mrefu, na majina ya wazee waliowafundisha Wazungu Kiswahili hayamo kwenye majalada ya vitabu. Antigua waliamua kwamba mtoa habari ndiye atakayekuwa mtaalamu. Na hawakuishia kwenye mafunzo. Miaka hiyohiyo ya 1970 uongozi wa mradi wenyewe, pamoja na kasha la fedha, ulikabidhiwa Wamaya. Kwangu mimi hilo la kasha ni kubwa kuliko yote. Wapo wengi wanaowapa wenyeji kalamu, lakini ufunguo wa kasha hubaki mfukoni mwao.

Sasa tufike kwenye fundo lililo gumu zaidi, tahajia. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini watu wazima wagombane miaka kumi na zaidi juu ya herufi. Walikuwa na sababu, na Mswahili ana bahati ya kuielewa haraka.

Lugha za Kimaya zina konsonanti zinazotamkwa huku koo limefungwa, kisha pumzi inaachiwa kwa mkato. Tena zina aina mbili za sauti ya k: moja ya kawaida, nyingine inayotoka nyuma kabisa, karibu na kimio, kama qaf ya Kiarabu. Kwa Kik'iche', q'aq' ni moto. K'ak' ni -pya. Ukiziandika kwa mazoea ya Kihispania tupu, zote mbili zinakuwa kitu kimoja, na msomaji hajui kama nyumba ni mpya au inaungua. Mapadri wa karne ya 16 waliliona hilo. Mmoja wao, Francisco de la Parra, alibuni herufi mpya, moja yenye umbo la tatu iliyogeuzwa na nyingine kama nne, ili kuzitenga sauti hizo. Zilitumika karne kadhaa, kisha zikafifia.

Karne ya 20 wakaja wamisionari wa Kiprotestanti. William Cameron Townsend alifika Guatemala mwaka 1917 akiuza Biblia za Kihispania, akakuta wengi wa wateja wake wanazungumza Kikaqchikel. Akajifunza, na Agano Jipya la Kikaqchikel likatoka mwaka 1931. Baadaye alianzisha taasisi ya isimu na tafsiri ya Biblia iliyoenea duniani kote. Watu wake waliandika lugha za Kimaya kwa kufuata desturi za Kihispania. Waliweza kuzitenga sauti, lakini sauti ya k waliiandika c mbele ya a, o, u, na qu mbele ya e na i, kwa sababu ndivyo Kihispania kinavyofanya.

Jaribu kuileta hali hiyo kwetu. Chukua kitenzi pika. "Anapika" itaandikwa anapica. "Apike" itakuwa apique. Mzizi ni uleule, sauti ni ileile, lakini jicho linaona maneno mawili. Kaka atakuwa caca, na kiko itakuwa quico. Mtoto anayejifunza kusoma atalazimika kujua kanuni ya lugha nyingine ndipo asome ya kwake. Kwa lugha kama za Kimaya, ambazo kama Kiswahili hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi, hasara ni kubwa mno, kwa kuwa mzizi unajibadilisha sura kila unapoongezewa kitu.

Waliotetea njia hiyo walikuwa na hoja: ukijua kusoma Kikaqchikel kwa herufi za Kihispania, utavuka kwa urahisi kwenda Kihispania. Hoja hiyo inafichua mtazamo mzima. Lugha ya mama inakuwa daraja la kuvukia, na darajani hakai mtu. Kaufman na wanafunzi wake wa Antigua walipendekeza katikati ya miaka ya 1970 tahajia yenye kanuni moja: sauti moja, alama moja. K kwa k ya kawaida, q kwa ile ya nyuma, w badala ya hu, na alama ya ritifaa kwa sauti zote za mkato: b', ch', k', q', t', tz'. Wewe unayeandika ng'ombe, ng'ambo na ng'aa unaijua kazi ya kialama hicho kidogo. Kiondoe, neno linakuwa kitu kingine.

Mwaka 1987 taasisi mbalimbali zilikutana kuamua. Walikuwamo wataalamu wa vyuo, wamisionari, serikali na Wamaya wenyewe waliosomea kazi hiyo, wengi wao wakiwa wametokea chumba kile cha pili. Kwa mara ya kwanza, watu waliotoa hoja za fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya Kik'iche' na Kimam walikuwa wasemaji wa Kik'iche' na Kimam. Alfabeti ya pamoja ikapita, na tarehe 23 Novemba 1987 serikali ikaitambua rasmi kwa Agizo namba 1046-87. Waliokuwa na maktaba za vitabu vya dini kwa tahajia ya zamani hawakufurahi, na wasomaji wazee waliozoea c na qu walipata tabu ya kweli. Tusiwapuuze. Kubadilisha tahajia ni kumfanya aliyejifunza kwa jasho aonekane hajui.

Miaka mitatu baadaye, 1990, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Akademia ya Lugha za Kimaya. Mwaka huohuo, hapohapo Antigua, Nora England pamoja na kundi la Wamaya walianzisha shirika la utafiti wa lugha, Oxlajuuj Keej Maya' Ajtz'iib', wakatoa sarufi kadhaa zilizoandikwa na wasemaji wenyewe. Ajtz'iib' maana yake mwandishi.

Katikati ya tarehe hizi kuna damu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 1976, baada tu ya saa tisa, tetemeko la ardhi liliua watu wapatao 23,000, na eneo lililoumia kupita yote lilikuwa Chimaltenango, moyo wa nchi ya Wakaqchikel. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1960, vikafikia kilele kati ya 1981 na 1983. Vilipomalizika kwa mkataba wa Desemba 1996, waliouawa na kupotezwa walikadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Tume ya ukweli ilipochambua waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Walimu wa vijijini, makatekista, viongozi wa vyama vya ushirika, watu wa aina ileile ambayo mradi wa lugha huwahitaji, ndio waliowindwa. Mmaya mwenye daftari alionekana kuwa mtu wa hatari. Na watalii, ambao karo yao ndiyo ilikuwa uhai wa shule, waliacha kuja kwa wingi. Unapoona kwamba kamusi ya Kik'iche' ya mradi huu ilitoka 1996 na ile ya Kikaqchikel 1998, zaidi ya miaka 20 tangu mafunzo ya kwanza, usifikiri watu walikuwa wamelala.

Kamusi ya Kikaqchikel imebeba majina ya waandishi watatu Wakaqchikel: Narciso Cojtí Macario, Martín Chacach Cutzal na Marcos Armando Cali. Nayataja kwa sababu jalada la kitabu lenye majina ya namna hiyo ndilo lililokuwa likikosekana tangu enzi za mapadri.

Kutengeneza kamusi kama hiyo kuna maswali yasiyoisha. Kikaqchikel cha kijiji kimoja si sawa na cha jirani. Irabu nazo zinatofautiana. Kuna miji yenye irabu kumi, kuna mingine ina pungufu. Utachukua cha wapi? Sisi tulipewa jibu na mkutano wa makoloni uliofanyika Mombasa mwaka 1928: Kiunguja. Jibu hilo lilirahisisha uchapishaji, na hadi leo watu wa Mvita na Lamu wanahisi kwamba lugha ya tenzi zao iliachwa mlangoni. Wanaisimu wa Kimaya walijua hatari hiyo, na wengi wao wamependelea kuonyesha tofauti za miji na kumwachia mwandishi achague, huku tahajia ikibaki moja. Ni njia ya taratibu zaidi. Nadhani ni ya haki zaidi.

Halafu kuna sanaa, ambayo wengi huiona kama pambo la kazi ya lugha. Nenda Comalapa, mji wa Wakaqchikel uliomzaa mchoraji Andrés Curruchich, ambaye tangu miaka ya 1920 alichora harusi, maandamano ya watakatifu na maisha ya jirani zake mpaka mji wote ukawa wa wachoraji. Au mtazame mwanamke aliyeketi chini akifuma huipil, blauzi ya kiasili: ncha moja ya kitanda cha mfumi imefungwa mtini, nyingine imezunguka kiuno chake, na mwili wake ndio unaokaza mtande. Kila kijiti kina jina. Kila mshono una jina, kila ndege wa kwenye kitambaa ana jina. Mkusanya maneno asiyekaa na mfumaji ataandika kamusi yenye tundu kubwa, kwa kuwa maneno hayo hayatajwi sokoni wala ofisini. Ufundi ukifa, yanakwenda nao.

Maneno ya kufuma yamezaa mengine pia. Wamaya walipohitaji neno la kompyuta hawakuazima. Walichukua kem, kufuma, na tz'ib', maandishi, wakapata kematz'ib'. Mtu anaweza kupinga maneno ya kubuni. Tumeona wenyewe jinsi tarakilishi ilivyopokewa kwa shingo upande. Lakini huko neno jipya limeshikamana na mikono ya bibi, na hilo linalipa nguvu ambayo kamati peke yake haiwezi kuitoa.

Sasa, je, mfumo huu wa karo kugharimia kamusi ni wa kuigwa? Una udhaifu wa wazi. Unategemea ndege kutua. Uwanja wa ndege wa Guatemala ulipofungwa kwa abiria wa kawaida kuanzia Machi hadi Septemba 2020, meza za Antigua zilibaki tupu, na walimu waliofundisha uso kwa uso maisha yao yote walilazimika kufundishia kwenye skrini. Tena shule zimekuwa nyingi, zinashindana kwa bei, na bei ikishuka anayeumia kwanza ni mwalimu, halafu chumba cha pili. Mgeni anayetafuta karo ndogo kabisa, mara nyingi bila kujua, anapunguza fungu ambalo lingechapisha kitabu.

Kuna udhaifu mwingine ulio mzito zaidi, nao ni wa wasomaji. Vitabu vipo, wanaoweza kuvisoma ni wachache, kwa sababu Wamaya wengi waliopita shule walisomeshwa kwa Kihispania. Sheria ya Lugha za Taifa ya 2003 inazitambua lugha za Kimaya katika huduma za umma, lakini Kihispania kimebaki lugha rasmi pekee. Kura ya maoni ya Mei 1999, ambayo ingebadilisha katiba, ilishindwa. Kamusi peke yake haimlazimishi karani wa wilaya kumjibu mama kwa Kimam. Inachofanya ni kumwondolea karani kisingizio kwamba hiyo "si lugha, haiandikiki". Mashirika ya uchapishaji ya Kimaya kama Cholsamaj, yaliyoko jijini Guatemala, yameendelea kutoa vitabu vya shule, hadithi na kalenda, na kalenda ndiyo iliyomo majumbani mwa watu wasionunua kitabu.

Mradi wa Antigua hufundisha lugha za Kimaya pia, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwa utaratibu uleule wa Kihispania. Wengi wanaojiandikisha ni wageni: wauguzi, watafiti, watu wa kujitolea waliogundua kijijini kwamba Kihispania chao hakimfikii bibi. Wapo pia Wamaya waliokulia mjini, ambao wazazi wao waliwanyima lugha kwa kuwahurumia, wakitaka wasichapwe shuleni kama wao. Hao hukaa kwenye meza zilezile chini ya maua, wakianza na salamu, kisha maltyox, asante, kisha wanajaribu kuitenga k na q, q'aq' na k'ak', sauti ambazo nyanya zao walizitoa bila kufikiri.